Habari za Jiji ni Sehemu ya Ulinzi Wake

Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa takataka wa Kiteezi, kaskazini mwa Kampala, uliporomoka ukafunika nyumba, mifugo na watu. Katika siku zilizofuata maiti zaidi ya 30 zilifukuliwa. Polisi walifika, Msalaba Mwekundu wakafika, na Rais Yoweri Museveni akaamuru vikosi maalumu vya jeshi visaidie katika kazi ya uokoaji. Septemba mwaka huo huo Rais aliwaachisha kazi Mkurugenzi Mtendaji wa jiji, naibu wake na mkurugenzi wa afya, na Oktoba wakafunguliwa mashtaka. Ikiwa walikosa au hawakukosa, hilo ni la mahakama kuamua, nasi hatutalisemea hapa.

Jambo tunalotaka kulipima ni jingine. Jaa la Kiteezi lilianza kutumiwa mwaka 1996. Kwa miaka mingi kabla ya maafa hayo viongozi wa jiji wenyewe walikuwa wakisema hadharani kwamba jaa limejaa. Habari hiyo haikuwa siri ya Serikali, wala haikuhitaji mpelelezi kuichimbua. Hata hivyo familia ziliendelea kupika, kulala na kulea watoto chini ya mlima ule. Kwa hiyo yatupasa kuuliza: ni kitu gani kinachoweza kutokea baina ya ofisi inayojua na mkazi anayepaswa kujua, hata habari ikapotea njiani kama maji yanayopotea mchangani?

KWA NINI JAMBO HILI LATUHUSU

Yawezekana askari aliyeko lindoni akasema: mambo ya takataka, mifereji na stendi za taksi yananihusu nini mimi niliyefundishwa kulenga shabaha na kushika doria? Jibu la kwanza limo katika Katiba ya mwaka 1995. Ibara ya 209 inalitaka jeshi lishirikiane na mamlaka ya kiraia wakati wa dharura na maafa, tena lijenge maelewano baina ya wanajeshi na raia. Ibara ya 212 inawataka polisi walinde maisha na mali, na washirikiane na mamlaka ya kiraia pamoja na wananchi kwa jumla. Basi maafa yanapotokea mjini, wa kwanza kuitwa ni sisi. Aliyechimba kwa koleo pale Kiteezi hakuwa mhandisi aliyechora jaa wala diwani aliyepitisha bajeti.

Jibu la pili ni kwamba amri nyingi za jiji hutekelezwa mbele ya wenye sare. Wachuuzi wanapoondolewa barabarani, kibanda kinapobomolewa juu ya mtaro, barabara inapofungwa ili ichimbwe, askari ndiye anayeonekana. Mwananchi ambaye hakupata habari mapema hamjui karani aliyeandika barua. Anamjua yule aliyesimama mbele yake na kirungu. Hasira inayotokana na ukimya wa ofisi humwangukia askari wa cheo cha chini, ambaye pengine naye aliambiwa habari ile asubuhi ile ile kwenye gwaride.

Jibu la tatu ni kwamba sisi wenyewe ni wakazi. Askari polisi wa Naguru na Nsambya, na wanajeshi wa Mbuya, wana wake na watoto wanaochota maji yale yale, wanaopita kando ya mifereji ile ile, na wanaosoma katika shule za jiji lile lile. Wengi wamepanga vyumba mitaani, katika nyumba zile ambazo watu wa Kampala huziita mizigo. Mafuriko yanapoingia Bwaise hayabishi hodi kwa kuuliza cheo cha mwenye nyumba.

NANI ASEMAYE KWA NIABA YA JIJI

Ili tulielewe tatizo, yafaa kwanza tukumbuke jinsi Kampala inavyoongozwa. Hadi mwaka 2011 jiji lilikuwa chini ya Halmashauri ya Jiji, kama ilivyokuwa desturi ya miji mingi iliyorithi mtindo wa Kiingereza. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005, na Sheria ya Jiji Kuu ya mwaka 2010 ikaliweka jiji chini ya usimamizi wa Serikali Kuu. Mwaka 2011 ikaanza Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, ambayo watu wote huiita KCCA. Jiji lina tarafa tano: Kampala ya Kati, Kawempe, Makindye, Nakawa na Lubaga. Kila tarafa ina meya wake na baraza lake. Chini yake kuna parokia, na chini ya parokia kuna kijiji pamoja na kamati yake ya LC1.

Katika mpango huo kuna sauti mbili kubwa. Ya kwanza ni ya Mkurugenzi Mtendaji, ambaye huteuliwa na Rais naye hushika fedha na kazi za kila siku. Ya pili ni ya Meya Mkuu, ambaye huchaguliwa kwa kura za wakazi. Mkurugenzi wa kwanza, Jennifer Musisi, alishika kazi mwaka 2011 hadi mwaka 2018. Meya Mkuu aliyechaguliwa mwaka huo huo wa 2011 ni Erias Lukwago. Ni jambo linalojulikana na wote kwamba sauti hizo mbili zilisigana karibu tangu siku ya kwanza, hata Novemba 2013 madiwani wakapiga kura ya kumwondoa Meya, na shauri likaenda mahakamani.

Hatuko hapa kuamua nani alikuwa na haki. Ibara ya 208 inalitaka jeshi lisielemee chama chochote, nasi tunaishika ibara hiyo kwa mikono miwili. Lakini kuna matokeo ambayo askari yeyote aliyeshika zamu Kampala katika miaka ile aliyaona bila kuambiwa. Mkazi alipouliza kodi fulani inatozwa kwa sheria gani, alipata majibu mawili yanayopingana. Alipouliza soko litahamishwa au halitahamishwa, huku aliambiwa ndiyo na kule aliambiwa hapana. Ofisi mbili zinapotoa habari mbili, mkazi huchagua ile inayompendeza, kisha huitetea kama haki yake. Kati ya habari hizo mbili husimama polisi.

Jeshini tunalijua jambo hili kwa jina jingine. Kikosi chenye wakuu wawili wanaotoa amri mbili hakihitaji adui, maana kitashindwa chenyewe. Ndiyo sababu tunafundishwa umoja wa amri. Jiji si kikosi, na mabishano ni haki ya raia katika mabaraza yake. Hata hivyo baraza likishabishana na kuamua, tangazo linalotoka linapaswa kuwa moja, lenye tarehe moja, na mhuri mmoja.

TAARIFA KAMILI NI IPI

Kila mamlaka ya jiji hupenda kutangaza miradi yake. Picha za barabara mpya huonekana magazetini, na sherehe za uzinduzi hazikosi ngoma. Lakini kutangaza fahari ni jambo moja, na kumpa mkazi taarifa ni jambo jingine. Taarifa iliyokamilika hujibu maswali sita: kinajengwa nini, fedha ni za nani na ni kiasi gani, kazi inaanza lini na itakwisha lini, nani atakayesumbuka kwa muda na nani atakayehama kabisa, fidia ni ipi, na mwenye malalamiko aende kwa nani. Likikosekana moja kati ya hayo, nafasi yake hujazwa na uvumi.

Tuchukue mifano. Mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha dola za Marekani milioni 175 kwa awamu ya pili ya mradi wa kuijenga upya miundombinu ya Kampala, uliojulikana kwa herufi za KIIDP. Kwa fedha hizo barabara zilipanuliwa, makutano ya barabara yakawekewa taa, na mifereji mikubwa ikachimbwa. Baadaye Serikali ya Japani ikagharamia daraja la juu la barabara pale Clock Tower, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2019. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 566 kwa mpango wa Kampala Kubwa, unaoziunganisha KCCA na wilaya na manispaa za jirani, kama Wakiso, Mukono, Mpigi, Entebbe, Kira na Nansana.

Mwananchi wa kawaida akizisikia hesabu hizo hushangilia au hunung'unika, kwa kuwa hana njia ya kuzipima. Lakini akiambiwa kwamba mtaro unaopita nyuma ya nyumba yake utapanuliwa kwa mita kadhaa, kwamba mti wake wa mwembe umehesabiwa, kwamba malipo yatapitia benki fulani kabla ya tarehe fulani, na kwamba tingatinga halitaingia kabla ya malipo hayo, basi amepata silaha ya kujilinda. Hawezi kudanganywa na dalali, wala hawezi kuchochewa na mtu mwenye nia yake. Hesabu ya mamilioni humfaa mkaguzi. Kwa mkazi, habari yenye faida ni ile inayofika hadi kizingiti cha mlango wake.

Mfano wa pili ni Stendi Kuu ya Zamani ya taksi. Mwaka 2020, usafiri wa abiria uliposimamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, wakuu wa jiji waliitumia nafasi hiyo kuifunga stendi na kuikarabati. Kwa upande wa kazi, huo ulikuwa uamuzi wa busara, maana sehemu ile haipati utulivu siku nyingine yoyote. Lakini magari yaliporuhusiwa kurudi barabarani, taksi zilizokuwa na mahali pamoja pa kupakia zilisambazwa katika vituo vya muda. Abiria aliyetoka kijijini na mzigo kichwani alimwuliza nani gari la kwao liko wapi? Alimwuliza askari wa usalama barabarani. Basi askari asiyepewa orodha ya vituo vipya hana la kumjibu, na uongozi wote wa jiji huonekana haujui lake.

Mfano wa tatu ni wachuuzi. Januari 2022 wachuuzi waliondolewa katika barabara za katikati ya jiji ili kurudisha utaratibu wa biashara. Hoja ya jiji ilikuwa na uzito: njia za waenda kwa miguu zilikuwa zimefungwa, na wenye maduka wanaolipa kodi na leseni walilalamika kwamba bidhaa zile zile zinauzwa chini mbele ya milango yao. Hoja ya wachuuzi nayo ilikuwa na uzito: waende wapi, na je, huko waendako kuna meza na wateja? Kumwambia mtu asikae hapa ni nusu ya tangazo. Nusu ya pili ni kumwonyesha mahali pa kukaa. Askari anayetumwa na nusu ya tangazo atarudi kesho kumfukuza mama yule yule mahali pale pale, na kila mara akirudi, heshima ya sare inapungua.

FUNZO LA KITEEZI

Sasa turudi kwenye jaa, maana hapo ndipo palipo na uzito wa jambo lote. Inakadiriwa kwamba Kampala hutoa takriban tani 2,500 za taka kwa siku. Sehemu kubwa ni maganda ya ndizi, masalio ya chakula na majani, vitu vyenye maji mengi. Vinapooza hutoa gesi inayoweza kuwaka, pamoja na maji machafu yanayotiririka chini. Jaa lililotengenezwa vizuri hushindiliwa kila siku, hufunikwa kwa udongo, huchongwa kwa ngazi ili mteremko usiwe mkali, na huwekewa mifereji ya kutoa maji na mabomba ya kutoa gesi. Jaa lisilofanyiwa hayo hugeuka mlima usio na mifupa. Mvua inapoingia ndani, uzito huongezeka huku mshikamano ukipungua, na siku moja mlima huo huteremka.

Hiyo si elimu ya siri. Mhandisi anaijua, na mwanajeshi aliyechimba handaki katika udongo wenye maji anaielewa mara moja. Lakini aliyehitaji kuelezwa zaidi ya wote ni mtu aliyenunua kiwanja cha bei nafuu chini ya jaa. Hapo ndipo panapoonekana ugumu wa pili, nao ni mpaka. Kiteezi haiko ndani ya Kampala bali iko Wilaya ya Wakiso. Taka zilikuwa za jiji moja na wakazi walikuwa wa wilaya nyingine. Mwenye kumwaga taka hakuwa mwenye kutoa vibali vya nyumba, na mwenye kutoa vibali hakuwa na mamlaka juu ya jaa. Katika hali ya namna hiyo kila ofisi yaweza kudhani kwamba ofisi ya jirani imewaonya watu.

Sisi tunajua hatari ya mahali ambapo maeneo ya vikosi viwili hukutana. Adui mwerevu hupita pale pale, kwa sababu kila kikosi kinadhani mwenzake anapalinda. Dawa yake ni kukutana, kukubaliana nani anashika nini, na kuandika. Miji yetu mikubwa imekwisha kuvuka mipaka iliyochorwa kwenye karatasi. Asubuhi watu hutoka Wakiso na Mukono kufanya kazi Kampala, jioni hurudi, na taka huwafuata. Kwa hiyo taarifa za jiji haziwezi kuishia kwenye mpaka wa kilomita za mraba 189.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kiteezi ufa ulionekana na ukatajwa. Lakini kutaja ufa mikutanoni hakuuzibi, kama vile kuripoti adui kwenye redio hakumzuii adui kuvuka mto. Onyo huwa onyo pale linapomfikia mtu aliye hatarini, kwa lugha anayoielewa, likimwambia afanye nini na nani atamsaidia kufanya hivyo. Baada ya maafa Rais aliagiza watu waliobaki karibu na jaa waondolewe, na familia ya kila aliyekufa ipewe shilingi milioni 5. Malipo hayo yalikuwa ya huruma na ya lazima. Hata hivyo hakuna mzazi ambaye asingepokea kwa furaha zaidi barua ya kumhamisha, kabla ya mvua ile kunyesha.

UVUMI NI ADUI

Tusitoe mifano ya kushindwa tu, maana hiyo nayo si haki. Tarehe 30 Januari 2025 Serikali ilitangaza kwamba Ebola ya aina ya Sudan imeingia Kampala, na kwamba aliyekufa alikuwa muuguzi wa Hospitali ya Mulago. Jiji lenye msongamano kama lile, lenye mabasi yaendayo kila pembe ya nchi na nchi za jirani, lingeweza kuingiwa na hofu kubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Lakini Serikali ilisema mapema, ikataja ugonjwa kwa jina lake, ikaeleza dalili na namna ya kujikinga, na ikawatafuta waliokuwa wamekutana na wagonjwa. Siku nne tu baadaye majaribio ya chanjo yakaanza. Tarehe 26 Aprili 2025 ikatangazwa kwamba mlipuko umekwisha.

Katika jambo lile habari ilitumiwa kama dawa. Mwenye duka alijua kwa nini ndoo ya maji imewekwa mlangoni, dereva wa taksi alijua amwambie nini abiria wake, na askari aliyelinda lango la hospitali alijua anamzuia nani na kwa sababu gani. Palipo na habari ya kweli iliyotoka mapema, uvumi hupata shida ya kuzaliwa. Palipo na ukimya, uvumi huzaliwa ukiwa na meno.

Mfano mwingine mwema tunao katika neno letu wenyewe la Kiswahili. Mwaka 2009 Serikali ya Uganda ilianzisha mikutano ya wazi ambamo watumishi wa umma huwaeleza wananchi fedha zilizopokewa, kazi iliyofanyika na ile iliyobaki, na wananchi huwauliza maswali papo hapo. Mpango huo uliitwa Baraza. Jina hilo halikuwa pambo. Kwa desturi ya Waswahili baraza ni mahali mbele ya nyumba ambapo mwenyeji na mgeni hukaa usawa mmoja, na mwenye neno husikilizwa. Mkutano ambao mkubwa anahutubia juu ya jukwaa na wadogo wanapiga makofi si baraza, hata ukipewa jina hilo kwa maandishi makubwa. Baraza lina swali na jibu.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Wapo watumishi wa miji wanaosema kwamba kumweleza kila mtu kila jambo ni kujitafutia matatizo. Yafaa hoja yao isikilizwe. Wanasema kwamba barabara ikitangazwa mapema, walanguzi huwahi kununua ardhi, na wengine hujenga vibanda usiku ili wahesabiwe katika fidia. Wanasema pia kwamba wapinzani wa mradi hukimbilia mahakamani na kazi husimama kwa miaka huku riba ya mkopo ikipanda. Na baadhi yetu wenye sare husema kwamba operesheni ikitangazwa, wahalifu hujificha.

Hoja hizo zina ukweli, lakini kila moja ina dawa isiyohitaji ukimya. Kwa walanguzi, dawa ni kutangaza tarehe moja ambayo baada yake jengo jipya halitahesabiwa, na kupiga picha mahali pote siku hiyo. Kwa mashauri ya mahakama, uzoefu wa kila mji ni kwamba mtu aliyehesabiwa na kulipwa hana haja ya wakili. Anayekwenda mahakamani kwa kawaida ni yule aliyeamshwa na tingatinga. Kuhusu operesheni, tutenganishe vitu viwili. Kuwasaka majambazi ni siri, na lazima ibaki siri. Kusafisha mtaro, kuhamisha soko na kufunga barabara si siri wala haijapata kuwa.

Sheria nayo imekwisha kuuchora mpaka huo. Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, isipokuwa zile zinazoweza kudhuru usalama au uhuru wa nchi, au kuingilia mambo ya faragha ya mtu mwingine. Sheria ya mwaka 2005 ikaeleza utaratibu wa kuziomba. Sisi ambao kazi yetu ni kulinda siri za nchi tunapaswa kuwa wa kwanza kuuheshimu mpaka huo. Neno siri likibandikwa juu ya ramani ya mifereji na orodha ya vibanda, siku ya siri ya kweli hakuna atakayeamini.

YATUPASAYO

Ni kweli kwamba kutoa taarifa za jiji ni kazi ya jiji. Askari hana bajeti ya mabango wala hapaswi kujifanya diwani. Hata hivyo yapo mambo manne ambayo kila kamanda wa kituo na kila mkuu wa kikosi anaweza kuyafanya bila kungoja sheria mpya.

La kwanza, kabla ya kuwapeleka askari kusimamia amri ya jiji, kamanda na aulize kwa maandishi: wakazi walipewa notisi lini, kwa lugha ipi, na nani aliipokea? Kuuliza si ujinga, wala si kukataa amri. Notisi iliyoandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria na kubandikwa mlangoni pa ofisi haijamfikia muuza nyanya wa Kisenyi. Iliyosomwa kwa Kiganda na Kiswahili sokoni, mbele ya mwenyekiti wa LC1, imemfikia.

La pili, kila askari atakayesimama barabarani siku ya kazi aelezwe mambo matatu mafupi: kinachofanywa, sababu yake, na ofisi ya kumwelekeza mwenye swali. Maelezo hayo yanatosha dakika tano za gwaride. Kanuni za mwenendo ambazo wapiganaji wa NRA walijiwekea tangu siku za msituni zilikataza kumtukana, kumkemea au kumpiga mwananchi. Lakini ni rahisi zaidi kutokemea ukiwa na jibu mdomoni.

La tatu, mali inayochukuliwa kutoka kwa mchuuzi iandikwe papo hapo, na mwenyewe apewe karatasi. Kapu la ndizi lisiloandikwa huwa wizi machoni pa aliyenyang'anywa, hata likifikishwa ghalani salama. Na habari ya kapu hilo husafiri mtaani kwa kasi kuliko habari ya barabara ya dola milioni 100.

La nne, tusiache macho yetu kambini. Askari wa doria hupita mahali ambapo mhandisi hufika mara moja kwa mwaka. Huona mtaro ulioziba, nguzo ya umeme iliyoinama, ukuta wa shule wenye ufa, na nyumba mpya chini ya mteremko mbaya. Maji ya mfereji wa Nakivubo, pamoja na kila kinachotupwa ndani yake, huishia katika ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya jiji huvutwa Ggaba, kando ya ghuba hiyo hiyo. Mambo hayo yaandikwe katika kitabu cha matukio kama yanavyoandikwa ya wezi, yapelekwe kwa tarafa inayohusika, na nakala ibaki kituoni. Ofisi ikipokea barua yenye tarehe haiwezi tena kusema haikujua.

Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu Kampala wakazi wapatao 1,500,000, na tangu hapo wamezidi, mbali na maelfu kwa maelfu wanaoingia asubuhi na kutoka jioni. Hakuna jeshi wala polisi wa kutosha kumsimamisha mmoja kando ya kila mtaro na kila jaa. Jiji la watu wengi namna hiyo hulindwa hasa na wakazi wake, na wakazi hawawezi kulinda wasichokijua. Kila mradi na uwe na ubao wake mahali pa kazi, wenye jina la kazi, gharama, tarehe ya kumaliza na mahali pa kulalamikia. Na ubao huo uandikwe kwa lugha ambayo anayeishi hapo anaisoma. Gharama yake ni mbao mbili na kopo la rangi.